Juisi yangu ilinuka kandambili!

KAMA umewahi kununua kandambili mpya pale Makoroboi, ukafika nyumbani ukazitoa kwenye mfuko, ile harufu unaijua. Sasa vuta picha harufu hiyo inatoka kwenye chupa ya juisi ya ukwaju. Tena juisi uliyoipika kwa mikono yako mwenyewe. Tena ukumbini, mbele ya mama wa bibi harusi!

Ndiyo yaliyonikuta, mpenzi msomaji. Leo naanika yote, aibu tupa kule, kwa sababu najua vijana wengi wa hapa Mwanza mmeingia kwenye biashara ya juisi, maziwa na maji. Huenda mpira ulionao hapo nyumbani ni ndugu wa damu wa ule ulioniponza mimi.

Mambo yalianza hivi. Mimi na shoga yangu tumepanga Mabatini, juu kabisa mlimani, kule ambako nyumba zimeparamia mawe kama mbuzi. Tulianza na ndoo moja ya ukwaju, tunauza kwenye vibanda viwili vitatu. Mama alipoona mambo yananyooka akanipa hela yake ya upatu, zamu aliyoisubiri miezi kumi. Akasema, "Usiniangushe mwanangu," basi.

Tukapata tenda. Sendofu, Pasiansi, chupa 300. Kwa jagi tungejaza mpaka kuku wawike, ndipo shoga akaja na wazo: pipa tuliweke juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mpira ushuke mpaka uani, chupa zijae zenyewe. Nikaona huyu mtoto ana akili! Nikateremka mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akaniuliza mpira wa nini, nikamjibu, "Wa maji tu kaka." Akanikatia mita 10 za ule wa kijani wa kumwagilia bustani. Simlaumu. Aliuza alichoulizwa.

Usiku tukapika, na kwa haraka zetu tukamimina juisi kwenye pipa ingali moto. Chupa kama 200 hivi, umeme ukakatika. Tukaubana mpira na kamba, umejaa juisi vilevile, tukajinyoosha kidogo. Alfajiri tukamalizia.

Pale ukumbini mama wa bibi harusi alifungua chupa ya kwanza, akanusa, akaifunga. Akafungua ya pili. "Mwanangu, humu mmeweka nini?" Sikuwa na jibu. Hela ya kianzio nikairudisha palepale, na chupa zote 300 tukapanda nazo mlima.

Sasa sikiliza kimbembe. Shoga akasema, "Tuongeze sukari na arki ya nanasi, kesho tuzishushe Kirumba mwaloni. Na lile jua, nani atanusa?" Nitakuwa mwongo nikisema nilikataa. Nilikaa kimya napiga hesabu za hela ya mama. Akaja mtoto wa kaka yangu, ana miaka minne, akanyoosha mkono: "Shangazi, naomba moja." Nikamwambia hapana.

Basi, kumbe jibu nilikuwa nalo! Kama hainywi mtoto wetu, atakunywaje mtoto wa mwenzangu? Tukamwaga zote, moja baada ya nyingine. Mama nilipomweleza hakugomba. Aliuliza tu zamu yake nyingine ya upatu itafika lini. Afadhali angegomba.

MPIRA NI KIKOMBE

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyestaafu ufundi wa mitambo ya maziwa. Nikamwendea na kipande cha mpira mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti, hilo ni la bustani, unalileta kwangu la nini?" Nikamsimulia. Akacheka kidogo, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mpira ni kikombe kirefu. Usichoweza kukinywea, usipitishie cha kunywa."

Alinieleza kwamba mipira mingi laini hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Yenyewe kwa asili ni ngumu, kama yale mabomba ya maji machafu. Ili ikunjike, kiwanda huichanganya na vilainisho, na vinavyotumika sana ni vya kundi la thaleti. Mipira ya bustani haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo, hivyo hakuna anayejali nini kimo ndani. Mingine imekutwa hata na madini ya risasi.

Vilainisho hivi havikushikamana na plastiki moja kwa moja, huwa vinatoka taratibu. Moto unavikaribisha, mafuta ya maziwa yanavivuta, pombe inavivuta, na kimiminika kikilala ndani ya mpira usiku kucha ndiyo kabisa. Ukiangalia vizuri, mimi nilifanya makosa mawili kwa mpigo: moto na kulaza.

Usidhani ni hadithi za wazee. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 1999 kupiga marufuku baadhi ya thaleti kwenye vidude vya plastiki ambavyo watoto wachanga hutia mdomoni, kwa kuhofia madhara kwenye viungo vya uzazi. Mwaka 2012 huko China, pombe kali yenye jina kubwa ilikutwa na vilainisho, na mipira ya plastiki ya kiwandani ikatajwa kuwa moja ya njia vilikopitia.

Na kitu kimoja kilinishtua: vilainisho hivyo karibu havina harufu. Harufu ya kandambili ilikuwa bahati yangu, maana ndiyo iliyopiga kelele. Mpira mwingine hunyamaza.

WA KUCHAGUA, WA KUKATAA

Ukifika dukani usiseme "wa maji" kama mimi. Taja kinachopita: juisi chachu, maziwa, maji ya kunywa, baridi au moto. Kisha soma maandishi kwenye mpira wenyewe, siyo kwenye boksi. Tafuta alama ya glasi na uma, ambayo Ulaya huweka kwenye vitu vinavyogusa chakula, au namba NSF 51 ya Wamarekani kwa vifaa vya chakula. NSF 61 ni ya vifaa vya maji ya kunywa, hivyo usidhani mpira wenye namba hiyo peke yake umepimwa kwa maziwa. Angalia pia kiwango cha joto. Muuzaji akikuapia kwa maneno na mpira hauna hata herufi moja, muage kwa heshima.

Kwa vitu vya moto, silikoni ndiyo mwisho wa matatizo, inavumilia hata maji yanayochemka. Kwa vya baridi, PVC iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula inatosha. Yale mabomba meusi ya polithini yenye mistari ya bluu kwa kawaida ni ya maji ya kunywa. Yenye mistari ya njano ni ya gesi, usijichanganye! Ukitumia pampu inayovuta, chagua mpira wenye waya wa mzunguko ndani, la sivyo utanyweya kama mrija wa soda. Viungio navyo viwe vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu uchachu wa ukwaju na ndimu hula shaba na mabati, na unayekunywa madini hayo ni wewe.

Kuna kipimo cha nyumbani. Kata kipande, kitie kwenye glasi ya maji ya moto, funika, kesho yake nusa na kuonja ukilinganisha na glasi nyingine isiyo na mpira. Ukinuka, tupa. Usiponuka, bado rudi kwenye maandishi, maana nimeshakuambia habari ya mipira inayonyamaza.

Mpira wa bustani, wa jiko la gesi, wa petroli, wa kuoshea magari, na wowote wa mitumba usiojua ulikotoka: yote kataa.

Bei? Ule wa chakula niliupata kwa bei mara nne ya ule wa kijani kwa mita. Roho iliniuma! Mzee akaniuliza, "Mita 10 za nini? Sogeza pipa." Nikalishusha pipa kwenye jiwe la chini, nikanunua mita tatu. Mpira mfupi ni hela kidogo, na kuosha ni rahisi.

Wenzetu wa Kanada wana mti unaoitwa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera yao. Wanautoboa, wanachukua utomvu, wanauchemsha mpaka lita kama 40 ziwe lita moja ya sirapu. Utomvu unasafiri toka mti hadi mti kwenye mipira myembamba, kilometa na kilometa msituni, na mipira hiyo ni ya chakula. Hapa kwetu, Iringa hukinga ulanzi kutoka kwenye mianzi kwa chombo kiitwacho mbeta, nacho ni mwanzi vilevile. Wazee hawakuwa na namba za NSF, lakini walijua kinywaji kinastahili chombo chake.

ACHA KUNYONYA!

Kuna mtindo wa kuanzisha mpira kwa kunyonya, kama wauza petroli wa magendo. Mate yako yote humo! Fanya hivi: nawa mikono kwa sabuni, jaza mpira maji yaliyochemshwa, ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, ncha moja izamishe kwenye pipa, nyingine ishushe chini, achia. Maji machache ya mwanzo yamwage.

Kuosha ni siku hiyo hiyo. Kama ni maziwa, anza na maji ya baridi, maana ya moto huyagandisha ukutani. Fuata na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, suuza mpaka povu liishe, kisha utundike ncha zote ziangalie chini, kivulini. Mpira unaoonyesha ndani ukikaa juani na unyevu huota ukijani. Ukipitisha kidole ukakuta utelezi, hapo wadudu wameshahamia na familia zao. Maji ya ziwa husafishwa na kutiwa dawa pale Capripoint, lakini dawa hiyo haiwezi kukutetea kama unayapitisha kwenye mpira uliolala kwenye mtaro. Kipindupindu cha mwaka 2015 tunakikumbuka.

Na kama unataka kukua, usijifiche. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO wamtambulishe huko.

Mimi na shoga tumerudi kazini, chupa 40 kwa siku, hatuna papara. Mpira wetu mweupe una msumari wake ukutani na hauguswi na mtu. Hela ya mama nimerudisha nusu. Juzi yule mtoto wa kaka kaja tena, kanyoosha mkono. Safari hii nilimpa, nikakaa pembeni namwangalia akinywa mpaka tone la mwisho.

Haya, kazi kwako. Kabla hujajaza chupa ya kumuuzia mtu leo, hebu kaunuse huo mpira wako!