Mwisho tunaujua, mbona bado tunarudi kwa Asterix?

Nitawaambia mwisho wa karibu kila kitabu cha Asterix kabla hamjakifungua. Ni usiku, nyota zimejaa angani, wanakijiji wameizunguka meza wakila nguruwe mwitu wa kuchoma, na mwimbaji wao amefungwa kamba mtini, mdomo umezibwa asije akaimba. Basi. Sijamharibia mtu utamu. Nimekuwa nikivisoma vitabu hivi tangu enzi za kuviokota kwa bei ya chai na mandazi katika mitumba ya vitabu inayotandazwa kando ya barabara jijini Nairobi, na hadi leo nikikiona kimoja nasimama, nainama, nakifungua. Swali langu leo ni la mwanalugha zaidi kuliko la shabiki: kwa nini mtu mzima na akili zake airudie hadithi anayojua itakavyoisha?

Kwa asiyemjua, Asterix ni mhusika wa vibonzo vya Kifaransa. René Goscinny ndiye aliyetunga maneno, Albert Uderzo akachora. Vilianza kuchapishwa tarehe 29 Oktoba 1959 katika toleo la kwanza la jarida liitwalo Pilote, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka wa 1961. Goscinny alifariki mwaka wa 1977 akiwa na umri wa miaka 51, Uderzo akaendelea peke yake, kisha kuanzia 2013 kalamu na brashi zikashikwa na wengine. Kitabu cha 40 kilitoka 2023. Mambo yenyewe yanatokea mwaka wa 50 kabla ya Kristo. Julius Caesar, Kaizari yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alitufikishia kwa Kiswahili alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, ameiteka nchi yote ya Wagauli, ambayo leo ni Ufaransa. Yote isipokuwa kijiji kimoja cha pwani, kilichozungukwa na kambi nne za Warumi. Kijiji hicho kina mganga anayepika dawa ya nguvu. Ukinywa funda moja, unamrusha askari wa Kirumi hewani mpaka viatu vyake vinabaki chini.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba wawili hao hawakuwa na nia ya kuandika habari za Wagauli hata kidogo. Walikuwa wamekusudia kuchora visa vya Renart, mbweha mjanja wa ngano za kale za Wafaransa. Wakagundua kwamba mchoraji mwingine alikwisha kuwatangulia. Ndipo wakaketi nyumbani kwa Uderzo kule Bobigny, nje kidogo ya Paris, wakatafuta wazo jingine haraka haraka. Mimi naona yule mbweha hakuwatoka kabisa. Asterix ni mtu mfupi, mwenye masharubu na akili nyingi. Rafiki yake Obelix ni jitu la miraba minne, lina nguvu kupita kiasi kwa sababu lilitumbukia katika chungu cha dawa lilipokuwa toto, na ni jepesi kununa. Mdogo mwenye bongo, mkubwa mwenye misuli: jameni, hao si Sungura na Tembo?

Na ngano hairudiwi kwa sababu ya mwisho wake. Mtoto anayemsikiliza bibi akisimulia kisa cha Sungura na Fisi kwa mara ya ishirini haulizi nini kitatokea. Anasubiri wimbo. Anasubiri pale Fisi atakapofuata harufu ya nyama na kuponzwa na tumbo lake. Bibi akiruka kipande hicho kwa usingizi, mtoto humsahihisha papo hapo. Goscinny alilijua jambo hili barabara. Katika vitabu vyake kuna maharamia wanaokutana na Asterix na Obelix baharini, na merikebu yao huzama kila wakutanapo. Kila mara! Mwandishi mvivu angeishia hapo. Goscinny anabadilisha namna. Safari moja wanapigwa, safari nyingine wanawaona Wagauli kwa mbali na kuizamisha merikebu wenyewe, ili angalau waepuke kichapo. Msomaji hacheki kwa sababu imezama. Anacheka kwa sababu alijua itazama, ila hakujua vipi.

Kwetu huku jambo hili si geni. Waliotazama Vitimbi wanakumbuka kwamba tulijua jinsi Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau, atakavyolitamka neno kabla hajafungua kinywa, na bado tuliketi kumngojea. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili walikuwa na Juha Kalulu wa E. G. Gitau kwa miongo mingi, na wapo waliofungua gazeti kwa ajili yake kwanza, siasa baadaye. Juha angebadilika akawa mwerevu, nani angemsoma?

Lakini kurudia kuna hatari yake. Kitu kinachorudiwa bila lugha kukifanyia upya hugeuka kero, kama mzee anayesimulia kisa kile kile kwa maneno yale yale. Kinachookoa Asterix ni lugha, na ushahidi mzuri kabisa umo katika tafsiri zake. Vitabu hivi vimefasiriwa katika lugha na lahaja zaidi ya 100, Kilatini kikiwemo. Wanaume wa Kigauli wana majina yanayoishia kwa -ix, Warumi -us, na karibu kila jina ni utani. Mwimbaji aliyefungwa mtini anaitwa Assurancetourix kwa Kifaransa, na ukilisoma kwa sauti unasikia 'bima ya hatari zote'. Utalitafsirije hilo? Anthea Bell na Derek Hockridge, waliovileta vitabu hivi katika Kiingereza, hawakuhangaika na bima. Walimwita Cacofonix, kutokana na neno lenye maana ya kelele mbaya. Muuza samaki, ambaye jina lake la Kifaransa linachezea mfuatano wa alfabeti, wakamwita Unhygienix, ukasikia uchafu na harufu yake moja kwa moja. Walitupa neno, wakaokoa kicheko.

Waitaliano walipata bahati ambayo mtafsiri huiombea maisha yake yote. Obelix ana kauli yake ya kila siku: hugonga paji la uso kwa kidole na kusema kwamba Warumi hawa ni wendawazimu. Kwa Kiitaliano sentensi hiyo ina maneno manne, na herufi zake za kwanza ni S, P, Q na R, zile zile zilizoandikwa kwenye bendera za dola ya Roma! Tafsiri ikaushinda utani wa asili.

Sasa tuseme wewe msomaji umepewa kazi ya kuwapa Wagauli hawa majina ya Kiswahili. Utafanyaje? Kuyaacha kama yalivyo ni kukimbia kazi. Kuwaita Juma na Hamisi ni kuwahamisha kijiji. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye mitihani ya kusahihisha, na naona jibu limelala katika sarufi yetu wenyewe, katika kauli ya kutendeka. Chukua vitenzi shindika, sikizika na lika. Vikanushe: hashindiki, hasikiziki, haliki. Umesikia? Vyote vinaishia kwa -iki, na kati ya -iki na -ix kuna hatua moja tu ya ulimi. Kiswahili kina karakana nzima ya majina ya Kigauli na hakuna aliyeifungua.

Basi Asterix ni Hashindix. Mwimbaji ni Hasikizix, na hakuna haja ya kueleza. Muuza samaki, ambaye bidhaa yake huanzisha vita kijijini kila mtu anapothubutu kuinusa, ni Halix, kwa sababu samaki wake haliki. Kisha upatanisho wa irabu unaingilia kati, kama kawaida yake. Vitenzi vyenye irabu e au o katika mzizi hutupa -eka badala ya -ika, kwa hiyo chifu wa kijiji, anayebebwa juu ya ngao na kuangushwa na wabebaji wake kila mara, hawezi kuwa na -ix. Habebeki, kwa hiyo Habebex. Obelix, asiyetosheka na nguruwe mmoja, wala wawili, anakuwa Hatoshex. Mimi sioni kasoro hapo. Hiyo ni Kiswahili kikikataa kuburutwa na Kifaransa. Na yule mbwa mdogo, aliyewafuata wawili hao karibu nchi nzima katika kitabu cha mwaka wa 1965 bila wao kumtambua, ataitwa Habandux, kwani habanduki. Jina lina -ux, sawa, lakini mbwa hadai kitambulisho.

Zipo pia sauti. Vibonzo vya Kiingereza mara nyingi hutumia vitenzi vya kawaida kuonyesha kishindo. Sisi tuna tanakali, na zetu zina macho. Mrumi akirushwa akaanguka mchangani, ni tifu. Matopeni, tapwi. Majini, chubwi. Sakafuni, pu. Hata mchoraji akisahau kuchora mahali, neno litakwambia ameangukia wapi. Hazina hii tunaifanyia nini? Tunawakaririsha watoto orodha yake usiku wa kuamkia mtihani, wanaimwaga kwenye karatasi, inaishia hapo. Mtoto aliyekariri 'tapwi' bila kumwona mtu hata mmoja akianguka matopeni amepewa ganda la nazi akaambiwa ale.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha mwaka wa 1966, Asterix anapovuka bahari kwenda Uingereza. Waingereza hao husimamisha vita saa kumi na moja jioni ili wanywe maji ya moto, kwani majani ya chai hayajafika kwao bado. Asterix ndiye atakayewaletea. Lakini utamu hasa umo vinywani mwao. Goscinny amewapa Kifaransa chenye mifupa ya Kiingereza. Kivumishi kinatangulia nomino, misemo imehamishwa neno kwa neno. Kila neno ni la Kifaransa, sentensi yenyewe si ya Kifaransa, na Mfaransa anavunjika mbavu. Kwa Kiswahili ningewaandikia 'moto maji' na 'baridi bia'. Wangeomba 'kuchukua chai'. Wangesema 'mwisho wa siku' wakimaanisha hatimaye.

Ngoja kwanza. Hivyo si ndivyo tunavyosema sisi wenyewe redioni na majukwaani? Fungulia kituo chochote, 'mwisho wa siku' utausikia kabla ya saa nne asubuhi, tena mara tatu. Nachelea kwamba msomaji wetu angewasoma Waingereza wa Goscinny bila kucheka, akidhani hao ndio wanaozungumza sawasawa. Utani wa lugha humfaa anayeijua lugha inapopinda. Sikio likishazoea kupinda, kicheko hakipo.

Siwezi kupita bila kumtaja yule mlinzi anayekaa juu ya mlingoti wa maharamia. Ni Mwafrika, amechorwa midomo minene myekundu, na katika Kifaransa hatamki r. Watetezi wa Asterix husema kila taifa lilichekwa. Ni kweli, Wagothi walichekwa kwa ukali wa amri zao na Waswisi kwa usafi wao, yaani kwa tabia. Huyu alichekwa kwa mwili wake, na hilo si jambo moja. Mtafsiri wa Kiswahili ana ruhusa yangu kumlipia fidia. Mtu anayeishi juu ya mlingoti na kuyajua matanga na pepo zote ampe Kiamu safi, kilicho fasaha kumshinda nahodha wake.

Kwa nini hatuna mfululizo wa namna hii kwa Kiswahili, unaosomwa na mtoto na babake, kila mmoja akicheka mahali pake? Vipaji vipo. Shujaaz, iliyoanza mwaka wa 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti, ilionyesha kwamba vijana watasoma vibonzo wakiisikia lugha yao, hata kama lugha hiyo ni Sheng na wasanifu tulikunja nyuso. Tatizo ninaloliona ni mawaidha. Vibonzo vingi tunavyochapisha kwa Kiswahili vimeagizwa vifunze jambo: nawa mikono, lala ndani ya chandarua, usiache shule. Ni mambo mema. Lakini mtu hasomi mara ya pili agizo la kunawa mikono. Na upande wa pili yupo mwalimu anayeona kibonzo dawatini akakitwaa kwa madai kwamba huo ni uvivu. Nilinyang'anywa kimoja nikiwa darasa la sita, na maneno magumu niliyokuwa nimeyapigia mstari kwa penseli, ili niyatafute kwenye kamusi, yakaenda nacho.

Mganga wa kijiji bado hana jina. Nimejaribu Hafichux, kwa kuwa siri ya dawa yake haifichuki, lakini ukilitamka unasikika kama mtu mwenye mafua. Aliye na jina bora alilete, na tafadhali liishie kwa -iki.