Kompyuta Inayochelewa Kuwaka: Jua Kwanza Inakwama Wapi

Mtu akiniambia kompyuta yake ya nyumbani inachelewa kuwaka, namuuliza kwanza: inachelewa wapi? Wengi hukimbilia kupakua programu zinazojinadi kuwa zinasafisha kompyuta, na wengine humpelekea fundi apige Windows upya, kabla hawajajua ugonjwa uko sehemu gani. Chukua simu, fungua saa ya kupimia muda, kisha washa kompyuta na uangalie vipindi vitatu: kabla ya nembo ya Windows kutokea, kuanzia nembo hadi pale pa kuandika nenosiri, na kuanzia nenosiri hadi uweze kufungua faili bila kusubiri.

Ikikwama kabla ya nembo, Windows haijaguswa bado, kwa hiyo kuipiga upya hakutasaidia. Kompyuta inajikagua. Chomoa flashi na diski za nje, maana mara nyingine kompyuta inahangaika kutafuta mfumo wa uendeshaji ndani yake. Kama kila asubuhi inakutaka ubonyeze F1, na tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya bapa iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Ni ya volti 3, inaitwa CR2032, na inauzwa hata kwa mafundi saa. Tatizo hili ni la kawaida kwa kompyuta za mtumba zilizokaa ghalani muda mrefu.

Ikikwama baada ya nenosiri, shida huwa ni msongamano. Programu nyingi, zikishawekwa tu, hujiandikisha kuamka pamoja na kompyuta: za mikutano, za muziki, za michezo, za printa, na vivinjari pia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha nenda kwenye Startup apps. Kila usichokihitaji asubuhi, kizime hapo. Hujakifuta, utakifungua mwenyewe siku ukikihitaji. Ila kinga ya virusi na vinavyohusu sauti au padi ya kugusa ya laptopu (touchpad) viache. Na kama una programu mbili za kupambana na virusi, ondoa moja, kwa sababu zikiwa pamoja kila faili linakaguliwa mara mbili.

Lakini uchelewaji mkubwa zaidi, ule wa dakika kadhaa, uwe kati ya nembo na nenosiri au baada yake, mara nyingi una chanzo kimoja: diski ya zamani, ile inayozunguka. Ukiwa bado ndani ya Task Manager, angalia Performance. Ukikuta imeandikwa HDD, na matumizi ya diski yamesimama kwenye asilimia 100 huku kompyuta haifanyi kazi yoyote ya maana, umeshampata mchawi. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Windows inapowaka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande sindano ya kusomea lazima isogee, kisha isubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Diski ya namna hiyo huweza kusoma vipande mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya kisasa, SSD, haina kitu kinachozunguka, na husoma maelfu mengi kwa muda huohuo. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi iliyopita, ikibadilishiwa diski tu, inaweza kuwaka kwa sekunde chache badala ya dakika.

Kwa hiyo kama una fedha za matengenezo ya aina moja tu, nunua SSD. Ya GB 240 au 256 inatosha matumizi ya kawaida ya nyumbani. Fundi anaweza kunakili diski nzima ilivyo, ukakuta kila kitu mahali pake. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inasaidia pia, hasa kama unayo GB 4 na unafungua kurasa nyingi, lakini faida yake utaiona zaidi wakati wa kazi kuliko wakati wa kuwasha.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua Shut down, kwa kawaida kompyuta haizimiki kabisa. Huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na kasoro zilizojikusanya nazo huweza kubaki humo. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Kompyuta ikianza kuzubaa, ifanyie hivyo kwanza.

Programu za kusafisha "registry", yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, achana nazo. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, na baadhi huja na mizigo ya kujiwasha kila asubuhi.

Mwisho, diski ya kuzunguka inayozidi kuwa nzito wiki hadi wiki, au inayotoa mlio wa kugongagonga, huenda inakufa. Ukiusikia mlio huo, usianze kuhangaika na kasi. Nakili picha, vyeti na kazi zako kwenye diski nyingine siku hiyohiyo, ndipo umwite fundi.