Njia ya Pili Inapashwa Kuwa Njia ya Kweli

Sisi watu wa migodi tunajua jambo hili: kabla ya kushuka chini, mkubwa wa kazi anauliza, «Njia hii ikifungwa, tutatokea wapi?» Mafundi wa telefone nao wanauliza vilevile.

Mtu akipiga telefone, sauti yake haitangulii. Kwanza masini za telefone zinatumiana habari fupi: namba gani inatafutwa? Iko huru, ao kuna mtu anayeitumia? Habari hizo zina njia yao ya pekee. Kwa mitandao mingi ya dunia njia hiyo ilijengwa kwa kufuata kanuni zinazoitwa Mfumo wa Ishara Namba 7, zilizokubaliwa na mataifa mwaka wa 1980. Njia hiyo ikikatika, waya za sauti zinaweza kuwa nzima kabisa, lakini mama atatafuta daktari kwa telefone na hatampata.

Ndiyo maana masini zinazopitisha habari hizo zinawekwa mbili-mbili, kama mapacha. Masini ya telefone ya kila mji inafungwa waya kwa pacha wa kwanza na kwa pacha wa pili, na mapacha wenyewe wanaunganishwa. Hakuna anayelala akingoja mwenzake afe; wote wanafanya kazi. Lakini kwa desturi kila waya inabebeshwa karibu 40 tu kwa mia ya nguvu yake. Sababu gani? Moja ikianguka, ya pili itabeba 80, na bado itapumua.

Sasa angalieni kosa la fundi mvivu. Anafunga waya mbili, lakini zote kwenye kadi moja ya masini. Kadi ikiungua, zote zimekufa. Ao anazizika ndani ya mtaro mmoja, na jembe moja linazikata zote. Inapashwa kila waya iwe na kadi yake, umeme wake na barabara yake. Kiisha ajaribu: achomoe moja, aone kama telefone zinaendelea kupita.

Hata hivyo bado haitoshi. Tarehe 15 Januari 1990, kule Marekani, kompani AT&T ilikuwa na masini kubwa 114 za telefone za mbali. Moja ya New York ilipata taabu ndogo, ikajifunga kwa sekunde chache, ikarudi kazini. Habari zake za kurudi ziliangusha masini jirani, nazo zikaangusha nyingine. Kwa muda wa saa 9 hivi, karibu nusu ya telefone zilizopigwa kwa njia ya kompani hiyo hazikupita. Hakuna waya iliyokatika! Kosa lilikuwa ndani ya programu mpya, na masini zote zilikuwa na programu ileile. Msaidizi alikuwa na ugonjwa uleule wa mgonjwa.

Basi, kijana, siku utakapopewa kazi ya kufunga telefone ya hospitali ao pompe ya maji ya mgodi, usihesabu tu moja, mbili. Uliza: ni kitu gani kimoja kinachoweza kuziua zote mbili? Ukikiona, kazi yako haijaisha.