Mwalimu Apewe Kitabu, na Afundishwe Kukitumia

Kila mwezi wa Januari maelfu ya watoto wa wakulima na wafanyakazi wa Tanzania huvaa sare mpya na kuingia kidato cha kwanza. Wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha waielewayo, na wamefaulu mtihani wao. Lakini wakiketi katika darasa hilo jipya wanakuta hisabati, biolojia, historia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Baada ya majuma machache ya kuandaliwa, mtoto hutakiwa kusoma kitabu kizima cha somo katika lugha ambayo pengine hajapata kusoma ndani yake hata hadithi moja fupi. Wengi hunyamaza. Hunakili ubaoni wasichokielewa, kisha hukikariri ili wapite.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari. Waliona kwamba hata katika kidato cha nne ni kama mwanafunzi 1 tu kati ya 10 aliyekuwa amefikia kiwango ambacho mtu angetarajia kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Baada ya taarifa ile shule za sekondari zilipelekewa vitabu vyepesi vya kusoma, na walimu wake wakapewa mafunzo. Ilikuwa kazi njema, lakini ilianzia katikati ya safari. Nyumba haianzi kujengwa madirishani.

Tena si watoto wote wanaokutana na ukuta huo. Mzazi mwenye fedha humpeleka mwanawe katika shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kuli wa bandarini, mchukuzi wa sokoni na mkulima wa pamba hawana uwezo huo. Watoto wao wanaitegemea shule ya serikali, na shule hiyo isipowapa Kiingereza hawana mahali pengine pa kukipata. Basi hili ni suala la haki kati ya watoto wa taifa moja, na ndiyo sababu tunalileta mbele ya wanachama na wafanyakazi.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeliweka somo la Kiingereza tangu darasa la 1, huku masomo mengine katika shule za serikali yakiendelea kufundishwa kwa Kiswahili. Mzigo wa uamuzi huo umetua mabegani mwa mwalimu wa shule ya msingi. Yatupasa kuuliza: je, amepewa nguvu za kuubeba?

Mwalimu huyo naye alisoma kwa Kiswahili, kisha akapambana na Kiingereza cha sekondari kama wanavyopambana wanafunzi wa leo. Walio wengi wanazijua kanuni za sarufi, lakini hawana mazoea ya kuisema lugha wala ya kuisoma kwa kujifurahisha. Hatuandiki haya kwa kumlaumu. Taifa hili limepata kuwafundisha walimu wakiwa kazini, tena kwa wingi mkubwa. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, vijana waliomaliza darasa la saba walianza kufunzwa ualimu vijijini mwao kwa masomo ya barua, kwa redio na kwa wakufunzi waliowatembelea. Walifundisha saa chache na kusoma saa nyingine. Kwa njia hiyo tulipata walimu zaidi ya 35,000. Walikuwa na upungufu wao, lakini walifungua madarasa ambayo bila wao yasingalifunguliwa. Basi hatuwezi kusema kwamba kumfundisha mwalimu akiwa kazini ni jambo lisilowezekana.

Rai yetu ni hii: mafunzo ya mwalimu wa Kiingereza yafanyike kitabu cha hadithi kikiwa mkononi mwake, kile kile atakachokwenda kukisoma na watoto. Tuna sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba kitabu kizuri humsaidia mwalimu mwenyewe. Mwalimu ambaye Kiingereza chake ni haba akitakiwa kutunga mazungumzo mbele ya darasa, atarudia sentensi zile zile tano mwaka mzima, na makosa yake yatakuwa makosa ya watoto 60. Lakini akishika kitabu chenye sentensi sahihi na picha zinazoeleza maana, kitabu kinamwongoza, naye anajifunza pamoja na wanafunzi wake.

Ya pili ni namna Kiingereza kinavyoandikwa. Mtoto wa Kiswahili akizijua silabi zake anaweza kusoma karibu neno lolote, kwa kuwa lugha yetu husomwa kama ilivyoandikwa. Kiingereza hakiko hivyo. Mtoto akikutana na neno “come” atasema kome, na “name” atalisoma name, lenye silabi mbili kama neno letu. Atafundishwa kanuni, na kanuni zitasaidia, lakini maneno mengi huzivunja. Dawa yake ni kuyaona na kuyasikia maneno hayo mara nyingi ndani ya habari yenye maana. Ubao na chaki havitoshi kwa kazi hiyo.

Yako mambo yaliyopata kujaribiwa mahali pengine. Katika visiwa vya Fiji watoto walikuwa wakianza shule kwa lugha zao za nyumbani, na kuanzia darasa la nne wakafundishwa kwa Kiingereza. Ilikuwa hali inayofanana na yetu. Mwaka 1980 wataalamu Warwick Elley na Francis Mangubhai waliyapelekea madarasa ya nne na ya tano katika shule za vijijini vitabu vya hadithi vyenye picha, 250 kwa kila darasa. Baadhi ya walimu walifunzwa kwa siku chache namna ya kusoma kitabu pamoja na darasa. Wengine waliwaachia watoto muda wa kusoma kimya kila siku. Shule nyingine ziliendelea na mazoezi ya zamani ya kurudiarudia sentensi. Baada ya miezi 8 watoto waliopewa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ipatayo maradufu ya kawaida, na mwaka uliofuata faida hiyo ilionekana hata katika masomo mengine. Walimu wale walikuwa walimu wa kawaida wa shule za vijijini.

Kazi yenyewe haina uchawi. Siku ya kwanza mwalimu huonyesha jalada na kuwauliza watoto, hata kwa Kiswahili, wanadhani kutatokea nini. Kisha husoma kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole na kusimama penye picha. Siku ya pili husoma tena, na watoto huitikia sehemu zinazojirudia. Siku ya tatu huigiza hadithi, huchora, na wanaoweza huandika sentensi zao wenyewe. Palipo na watoto wengi na nakala moja tu, walimu wanaweza kuinakili hadithi hiyo kwa herufi kubwa juu ya karatasi za manila, ili hata mtoto wa dawati la nyuma aione.

Lakini mwalimu hawezi kuyafanya haya kwa kusikia habari zake. Mtindo wetu wa siku nyingi umekuwa kuwaita walimu wawili au watatu mjini, wakakaa semina, wakarudi na cheti, wakatazamiwa kuwaeleza wenzao. Maarifa yaendayo hivyo ni maji ya ndoo inayovuja: yakifika shule ya mwisho yamebaki matone. Ndiyo maana tunaunga mkono mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao watu huuita MEWAKA, unaotaka walimu wajifunze pamoja ndani ya shule zao. Mpango huu tunataka uwe kazi yenyewe, usiishie katika daftari la mahudhurio.

Tuseme ni alasiri ya Alhamisi, na watoto wamekwenda nyumbani. Walimu watano wameketi ofisini. Mmoja anasoma hadithi ya juma lijalo kwa sauti kana kwamba wenzake ndio darasa. Penye neno gumu wanasimama na kulitazama katika kamusi. Penye matamshi wanasahihishana bila kuchekana. Kisha wanakubaliana maswali ya kuwauliza watoto. Juma linalofuata mmoja anaingia darasani kumtazama mwenzake, na wakikutana tena wanaelezana kilichofaulu na kilichoshindwa. Mwalimu mkuu naye awepo, asome zamu yake kama wengine. Akikaa pembeni kama msimamizi, wenzake wataficha wasichokijua. Haba na haba hujaza kibaba.

Liko jambo jingine ambalo yatupasa kulisema wazi. Katika shule nyingi vitabu vimo kabatini, na kabati limefungwa. Mwalimu mkuu anaogopa vitapotea au kuchanika, naye ataulizwa siku ya ukaguzi. Hofu yake tunaielewa. Lakini kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na kilicho safi kabatini baada ya miaka mitano ni hasara kwa umma. Wakaguzi waanze kuuliza ni vitabu vingapi vimesomwa, kabla ya kuuliza vingapi vimechanika.

Watakuwapo watakaosema kwamba vitabu vya Kiingereza vitakidhoofisha Kiswahili. Sisi tunaokitumia Kiswahili katika gazeti hili kila siku hatuwezi kulipuuza neno hilo. Tunajibu kwamba mtoto hujifunza kusoma mara moja, na hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo vitabu vya hadithi vya Kiswahili vitangulie, na vya Kiingereza vifuate kando yake. Kazi ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, imeonyesha kwamba waandishi na wachapishaji wa hapa nchini wanaweza kuwatungia watoto wetu vitabu vyema. Tena tumkumbuke Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kiongozi wa nchi. Yeye alimsoma Shakespeare kwa Kiingereza, kisha akatuletea “Juliasi Kaizari” kwa Kiswahili. Kusoma lugha ya pili kulimwezesha kuitajirisha ya kwanza.

Wanachama na wafanyakazi mlio wajumbe wa kamati za shule, tunawaomba muulize mambo matatu katika mkutano ujao. Je, shule yetu ina vitabu vingapi vya hadithi, na ufunguo wa kabati uko kwa nani? Je, walimu wetu hukutana lini kujifunza, nao wamepunguziwa kazi gani ili wapate saa hiyo? Je, lini mara ya mwisho mtoto alirudi nyumbani na kitabu mkononi? Na ninyi madiwani, bajeti ya halmashauri ikiletwa mbele yenu, tazameni kama ina fungu la vitabu na la mafunzo ya walimu, wala msikubali moja liondolewe ili jingine libaki. Vitabu bila mafunzo hukaa kabatini, na mafunzo bila vitabu husahauliwa kabla ya mwezi kwisha.

Mtoto wa kuli na wa mkulima ataingia kidato cha kwanza kama wenzake. Tunataka afikapo kule, na kitabu cha Kiingereza kikiwekwa mbele yake, akifungue bila hofu, kwa kuwa amekwisha kusoma vingi pamoja na mwalimu wake.