Milimita 20 za mvua zina maana gani shambani?

MVUA ya kwanza ya Novemba ikinyesha, wakulima wengi hukimbilia shambani na mbegu. Jua likirudi kwa wiki mbili, mahindi yaliyoota hunyauka na fedha za mbegu na mbolea hupotea.

Kata ya Ikinga, wilayani Ileje mkoani Songwe, hupata mvua za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili. Ukikosea kupanda, hakuna vuli ya kukuokoa. Ndiyo maana inafaa kuvielewa vipimo vinavyotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Milimita 20 maana yake ni kwamba maji yote yangebaki juu ya ardhi bila kuzama wala kutiririka, kina chake kingekuwa milimita 20. Milimita moja ni sawa na lita moja katika kila mita ya mraba. Ekari ina mita za mraba zipatazo 4,000, hivyo milimita 20 ni lita 80,000. Milimita tano hulowesha juu tu. Jua kali la siku moja au mbili huzikausha.

TMA ikitahadharisha juu ya mvua kubwa, huzungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Siku hiyo usiweke mbolea, itasombwa. Na mvua za “wastani” ni kati ya asilimia 75 na 125 ya zile zilizozoeleka kwa miaka mingi.

Lakini kipimo cha kituo ni cha pale kilipo. Milimani, mvua hunyesha upande mmoja wa kilima, upande wa pili ukabaki mkavu. Jipimie mwenyewe: chukua kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, lifunge juu ya mti uliochimbiwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3:00 asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika kwenye daftari, kisha mwaga.

Zikifika milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, chimba. Udongo ukiwa umelowa kiasi cha shibiri moja, na utabiri hauonyeshi ukame wa karibu, panda. La sivyo, mbegu ibaki ghalani.