Kilo zinavyoamua iwapo jeti ndogo itapaa salama

ASUBUHI ya Februari 2, 2005, ndege ndogo ya jeti aina ya Challenger ilikuwa ikienda kasi katika njia ya kurukia ya uwanja wa Teterboro, jimbo la New Jersey, Marekani. Ilikuwa na watu 11. Rubani alivuta usukani ili pua ya ndege ielekee angani. Pua haikuinuka.

Marubani walipojaribu kuisimamisha, njia ilikuwa imekwisha. Ndege ilivunja ua wa uwanja, ikavuka barabara kuu na kujibamiza katika ghala. Hakuna aliyefariki, lakini marubani wote wawili pamoja na watu wawili waliokuwa ndani ya gari walijeruhiwa vibaya.

Bodi ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilipokamilisha uchunguzi, ilisema kiini cha ajali hiyo ni upakiaji. Uzito wa ndege uliegemea mbele kupita mpaka unaoruhusiwa, na marubani hawakuwa wamehakikisha kwamba hesabu za mizani zimo ndani ya mipaka hiyo.

Wasafiri wengi hudhani kwamba jambo la pekee ni ndege isibebe mzigo kupita kiasi. Hata hivyo, kuna swali la pili lenye uzito sawa na hilo: mzigo wenyewe umekaa wapi?

Yeyote aliyewahi kumtazama mwenye mkokoteni sokoni anaelewa jambo hili. Magunia yakirundikwa nyuma, mikono ya mkokoteni hupaa na kumwinua mwenyewe. Yakirundikwa mbele, humlemea hadi akapiga magoti. Mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali ulipowekwa.

Ndege nayo ina nukta moja ambayo uzito wake wote husawazika. Wataalamu huiita kitovu cha uzito. Kitovu hicho kikisogea mbele mno, mkia hukosa nguvu za kutosha kuinua pua, kama ilivyotukia Teterboro. Kikirudi nyuma mno, pua huwa nyepesi, ndege hukosa utulivu, na ikianza kupoteza mwendo hewani huenda rubani asiweze kuirejesha pua chini.

Ili kukijua kitovu hicho, sharti kwanza ndege ipimwe ikiwa tupu. Mafundi huiosha na kuikausha, kwa kuwa matope na maji yana uzito wake. Huondoa mizigo na vifaa vyote visivyo sehemu ya ndege, kisha mafuta hutolewa, yakabaki tu yale yasiyoweza kufikia injini.

Kazi hiyo hufanyiwa ndani ya banda lililofungwa milango. Upepo ukipita juu ya mabawa huyainua kidogo, na mizani ikasema uongo. Ndege husawazishwa isiiname mbele wala nyuma, na kila gurudumu huwekewa mizani yake. Wakati mwingine huinuliwa kwa jeki zenye vipimo vya uzito.

Baadaye huja hesabu. Mafundi huchagua alama moja ya kuanzia, tuseme karibu na ncha ya pua, na kupima umbali kutoka hapo hadi kila gurudumu. Uzito wa kila gurudumu huzidishwa kwa umbali wake. Majibu hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa uzito wote wa ndege.

Tuchukue mfano wa jeti ambayo gurudumu lake la mbele, lililo mita 1 kutoka kwenye alama, linaonyesha kilo 400. Magurudumu mawili ya nyuma, yaliyo mita 6 kutoka hapo, yanaonyesha kilo 1,800 kila moja. Uzito wote ni kilo 4,000. Hesabu ya mbele inatoa 400, na ya nyuma 21,600. Jumla ni 22,000. Ukigawanya kwa 4,000, kitovu kiko mita 5.5 kutoka kwenye alama.

Sasa mizigo ya kilo 100 ikitiwa mkiani, mita 10 kutoka kwenye alama, kitovu kinasogea nyuma kwa takriban sentimita 11. Umbali huo waweza kuonekana mdogo, lakini katika ndege ndogo nafasi yote inayoruhusiwa huhesabiwa kwa sentimita. Ndiyo maana rubani humwomba abiria abadilishe kiti, na abiria asidhani anasumbuliwa bure.

Mafuta nayo yana hila yake. Yanapotumika safarini, uzito hupungua na kitovu husogea. Kwa hivyo rubani hana budi kukokotoa hali ya ndege wakati wa kupaa na pia wakati wa kutua.

Aidha, ndege haibaki na uzito ule ule maisha yake yote. Rangi mpya, viraka vya ukarabati na mitambo inayoongezwa huizidishia kilo. Nchini Marekani, sheria inataka ndege za kukodishwa zenye injini zaidi ya moja zipimwe upya kila baada ya miezi 36.

Makadirio nayo yaweza kuua. Januari 8, 2003, ndege ya abiria aina ya Beech 1900D ilianguka mjini Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwemo wakafa. NTSB ilisema nyaya za kuendesha mkia zilikuwa zimerekebishwa visivyo, na kitovu cha uzito nacho kilikuwa nyuma kupita mpaka. Marubani walikuwa wametumia uzito wa wastani ulioidhinishwa, ambao ulikuwa chini ya uzito halisi wa abiria na mizigo. Baada ya mkasa huo, wastani huo uliongezwa.

Hapa Kenya, abiria wanaotoka uwanja wa Wilson kuelekea Maasai Mara huambiwa wasizidishe kilo 15 za mizigo, na mara nyingi wao hunung'unika. Lakini uwanja huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kuinuka.

Kuhusu Teterboro, kisa hicho kiliishia mahakamani. Waendesha mashtaka walidai kwamba wasimamizi wa kampuni iliyohusika walikuwa na mazoea ya kujaza mafuta kupita kiasi mahali yalikouzwa kwa bei nafuu, huku rekodi za mizani zikigeuzwa kuficha jambo hilo. Mwaka wa 2010 mmoja wa waanzilishi wake alipatikana na hatia.