Ua la nchi za barafu lililoko Kilimanjaro

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani: je, kwenye nchi za barafu huota maua? Tulimjibu kuwa huota, na moja kati ya hayo liko hapa hapa Tanzania. Hakusadiki, ndipo tukaona tuandike makala haya.

Wataalamu huuita mmea huo Arabis alpina. Ni mdogo, haufiki magotini, maua yake ni meupe yenye petali nne, nao ni wa ukoo mmoja na kabichi. Huota Norway, Greenland na kwenye milima ya Alps, na huota pia mlima Kilimanjaro, penye nyufa za miamba na kando ya vijito.

Sisi wa Msimbati, ambao kusi likivuma tu tunatafuta shuka, ni vigumu kudhani kuwa nchi yetu ina baridi kama hiyo. Lakini kila upandapo mita 100, joto hupungua zaidi kidogo ya nusu digrii. Huku pwani kukiwa na digrii 28, kwenye mita 4,500 hubaki digrii moja mbili tu, na usiku maji huganda. Greenland mmea hulala chini ya theluji miezi mingi, ukachanua majira ya joto. Kilimanjaro majira ya joto ni mchana na ya baridi ni usiku, kila siku. Subhanallah!

Ulifikaje? Wanasayansi waliochunguza chembe zake za urithi, mwaka 2006 na 2007, waliona kuwa asili yake ni upande wa Uturuki, na kwamba Afrika Mashariki ulifika mara mbili tofauti ukitokea Asia. Hata jina Arabis linatokana na Uarabuni.

Tatizo ni kwamba mmea huu hauwezi kukaa mabonde yenye joto. Joto likizidi hupanda juu, na mlima una mwisho: mita 5,895, tena kileleni ni mawe na majivu. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2011 hazikutimia 2. Ukavu nao umo, na Oktoba 2020 moto uliunguza vichaka vya huko juu kwa siku kadhaa.

Atakayejaaliwa kuupanda mlima asilichume. Atuletee picha.

Mwanafunzi wetu sasa anauliza kama mbegu zake zitaota Msimbati. Kwa joto letu hili, hapana.